Siku 34 zilizogeuka 6

Juzi kijana mmoja anayeacha kazi aliniletea karatasi ya hesabu aliyoipiga mwenyewe. Likizo ya mwaka, siku 14. Likizo ya ugonjwa, siku 20 ambazo hajazigusa. Jumla 34, alipwe zote kabla hajarudisha kitambulisho. Nilimlipa sita.

Nimekaa kwenye idara ya utumishi miaka mingi, na kosa lake naliona karibu kila mtu anapoondoka. Siku zenye malipo zina majina chungu nzima, lakini kwangu mimi ziko za namna mbili: ulizozifanyia kazi, na zinazokukinga jambo likikupata. Za kwanza ni deni, mwajiri anadaiwa nawe. Za pili ni mwavuli. Mwaka ukipita bila mvua, mwavuli haugeuki pesa.

Likizo ya mwaka ndiyo deni lenyewe. Kijana yule alistahili siku 24 kwa mwaka, yaani mbili kila mwezi. Aliondoka mwisho wa Agosti, miezi minane, kwa hiyo alikuwa amechuma 16. Kumi alishazitumia, zikabaki sita. Ile 14 aliitoa kwenye mfumo wetu, ambao humpa mtu siku zote 24 mwezi Januari kwa kuamini kwamba atamaliza mwaka. Kama angekuwa amechukua 20, nne zingekuwa za mkopo na sisi ndio tungemdai. Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, muulize afisa wako umechuma ngapi mpaka leo. Salio la kwenye skrini linaweza kuwa la Desemba.

Angalia pia siku zenyewe zinahesabiwaje. Siku 28 za kalenda zinasikika nyingi kuliko 21 za kazi, lakini kwa anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, zile 28 ni wiki nne kamili: siku 20 tu za kazi, Jumamosi na Jumapili zimeliwa humohumo. Mwenye 21 za kazi amemzidi kwa siku moja, na mara nyingi sikukuu ikiangukia katikati hakatwi. Neno moja kwenye mkataba, "kalenda" au "kazi", ndilo linaloamua.

Kuhusu kuuza likizo huku ukiendelea na kazi, huwa nasimama upande wa Shirika la Kazi Duniani. Mkataba wake Na. 132 wa mwaka 1970 unataka likizo isiyopungua wiki tatu kwa mwaka wa utumishi, na unasema makubaliano ya kuiacha kwa malipo au kwa namna nyingine yawe batili au yakatazwe. Pesa badala ya siku ni ya anayeondoka. Nchi nyingi hazijauridhia, na kila sheria ina mlango wake, lakini hoja nailewa: ukiruhusu watu wauze, wanaohitaji kupumzika zaidi ndio watakaouza kwanza.

Sasa mwavuli. Likizo ya ugonjwa hufunguliwa na karatasi ya daktari, na ukipona inafungwa. Kwingine malipo huanza kamili kisha yakashuka nusu, jambo ambalo wagonjwa hulijua siku mshahara unapoingia. Je, ukiugua ukiwa likizo ya mwaka? Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mfanyakazi wa namna hiyo ana haki ya kuchukua likizo yake wakati mwingine. Sheria za kwingine zinatofautiana, ila cheti chukua siku ileile. Ukirudi kazini na maelezo matupu, sina cha kukusaidia.

Likizo ya uzazi nayo ni mwavuli, na hapa cha kuuliza ni nani analipa. Mkataba Na. 183 wa Shirika lilelile la Kazi, wa mwaka 2000, unataka angalau wiki 14, sita kati ya hizo zikiwa za lazima baada ya kujifungua, na malipo yasiyopungua theluthi mbili ya kipato cha awali. Kwa kawaida unataka pesa hiyo itoke kwenye bima ya jamii au mfuko wa umma. Mzigo ukimwangukia mwajiri peke yake, wapo wanaoanza kukwepa kuajiri wanawake, na hawakuandikii sababu hiyo kwenye barua. Likizo ya baba ni fupi kila ninapotazama. Ya msiba ni siku chache, na nyingi huishia njiani.

Kuna kampuni zinazomwaga kila kitu kwenye kapu moja: mapumziko, ugonjwa, dharura. Mtindo huu umeshamiri Marekani, ambako sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri wa sekta binafsi kutoa likizo ya mwaka yenye malipo. Kapu moja ni rahisi kwangu mhesabuji, lakini silipendi. Mtu anakohoa kutwa ofisini kwa sababu kila siku ya homa inamega safari yake ya Desemba. Na ukiahidiwa "likizo isiyo na kikomo", uliza swali moja: nikiondoka, nalipwa siku ngapi? Pasipo na idadi hakuna salio, na pasipo na salio aghalabu hulipwi kitu.

Kijana wangu alisaini zile sita, kisha akauliza kama ile siku aliyokuja kazini Jumapili inahesabiwa. Inahesabiwa. Nilikuwa nimeisahau, ikawa saba.