Je, wajua mwimbaji anapoacha umaarufu kwa ajili ya dini huacha nini hasa?

Habari ya namna hii hufika Mbeya kama inavyofika kwingine: mwimbaji aliyekuwa akijaza kumbi, ambaye sura yake ilizoeleka katika filamu na matangazo, anatangaza kwamba ameacha yote na kumrudia Mungu. Kabla jua halijazama, wauza mitumba na madereva wa bajaji pale Mwanjelwa wameshatoa hukumu. Wako wasemao kwamba amefulia, wako wasemao kwamba anaumwa au ameachwa na mume, na hawakosekani wanaodai kwamba ni kiki ya kuutangulizia njia wimbo ujao. Hukumu hizo zote zina kasoro moja, nayo ni kuamini kwamba umaarufu ni kitu ambacho mtu mwenye akili timamu hawezi kukiacha kwa hiari yake.

Waliouacha kweli wametuachia kumbukumbu za kutosha kulichunguza jambo hili. Wengi wao hawakuwa wamefulia, na kwa kuwa sababu walizozitoa zinatofautiana sana, swali la kwa nini mtu ameacha halijibiki vizuri mpaka liambatane na swali jingine ambalo watu hulisahau: ameacha nini? Mtawa wa Kikatoliki, msanii wa Kiislamu aliyetubu na mlokole wa kanisa la Kipentekoste hawaachi kitu kimoja, kwa sababu kila imani ina msimamo wake kuhusu sauti ya mwanadamu, mwili wake na jukwaa analosimama.

Tuanze na Dolores Hart, mwigizaji wa Marekani aliyezaliwa Chicago mwaka 1938. Akiwa bado msichana mdogo alicheza pamoja na Elvis Presley katika filamu mbili, ya kwanza ikatoka mwaka 1957 na ya pili mwaka 1958. Mwaka 1959 alikuwa akiigiza jukwaani New York na uchovu ulikuwa umemzidi, ndipo rafiki mmoja alipomshauri akapumzike kwa siku chache katika monasteri ya watawa wa kike Wabenediktini iitwayo Regina Laudis, iliyoko katika mji mdogo wa Bethlehem, jimbo la Connecticut. Akaenda, akarudi kazini, kisha akaenda tena na tena. Katikati ya safari hizo aliigiza filamu juu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, yeye akiwa Mtakatifu Klara, mtawa aliyekuwa mfuasi wa Fransisko, na baadaye alisimulia kwamba alipokutana na Papa Yohane XXIII huko Roma na kujitambulisha kuwa ndiye mwigizaji wa nafasi ya Klara, Papa alimjibu kwamba yeye ndiye Klara. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 24, akiwa na mchumba na kazi zikiendelea kumjia, aliingia monasterini na kubaki huko. Huyo mchumba hakuoa mwanamke mwingine, na aliendelea kumtembelea kila mwaka hadi alipofariki mwaka 2011.

Msomaji wa Njombe hahitaji kwenda Connecticut ili kuelewa alichokiingia Dolores Hart, kwa maana Masista Wabenediktini wa Imiliwaha wanaishi kwa Kanuni ileile ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6. Tofauti ni kwamba wa Regina Laudis hukaa ndani ya ukuta wa monasteri, ilhali wa Imiliwaha hutoka kufundisha, kuhudumia wagonjwa na kulima. Kinachofanana ni mpangilio wa sala na kazi, pamoja na urefu wa njia ya kuingilia. Mtu huanza kama mpostulanti, yaani mwombaji anayejaribu maisha hayo, kisha huwa mnovisi, yaani mwanafunzi wa utawa, kwa muda usiopungua miezi 12, ndipo huweka nadhiri za muda kwa miaka isiyopungua mitatu kabla ya kuruhusiwa kuweka nadhiri za daima. Dolores Hart aliweka nadhiri za daima mwaka 1970, yaani miaka saba baada ya kubisha hodi. Kwa maoni yangu urefu huo peke yake unaijibu hoja ya kiki, kwa kuwa hakuna wimbo mpya unaosubiri miaka saba ili utangazwe.

Je, alipoteza jukwaa na sauti? La, na hapa ndipo jambo lenyewe linapovutia. Watawa wa Regina Laudis huimba Liturujia ya Vipindi, yaani sala za Kanisa za saa maalumu za siku, kwa Kilatini mara kadhaa kila siku, kuanzia usiku hadi jioni, nao wametoa hata rekodi za nyimbo zao za Kigregoriani. Monasteri ikajenga pia ukumbi wa wazi wa maigizo, Mama Dolores akiwa miongoni mwa walioupigania, na yeye mwenyewe aliendelea kuwa mwanachama wa taasisi ya filamu inayotoa tuzo za Oscar, akapiga kura huku amevaa shela ya kitawa. Alichokiacha ni jina lake juu ya bango, mapato yake na uhuru wa kuamua kesho atakuwa wapi, kwa sababu Wabenediktini huahidi utii, kubadili mwenendo na kudumu mahali pamoja. Kwa msanii aliyezoea kuhama hoteli kila wiki, nadhani ahadi ya kudumu mahali pamoja ndiyo nzito kuliko zote.

Misri inatupa sura nyingine kabisa. Shadia alikuwa mwimbaji na mwigizaji, aliyeanza katika miaka ya 1940 na kuonekana katika filamu zaidi ya 100, na hapakuwa na nyumba ya Kairo isiyoifahamu sauti yake. Katikati ya miaka ya 1980, baada ya wimbo wa mwisho uliokuwa wa kidini, alivaa hijabu na kustaafu, akaepuka kamera na mahojiano kwa zaidi ya miaka 30, hadi alipofariki tarehe 28 Novemba 2017. Hakuwa peke yake. Shams al-Baroudi alikuwa ameacha filamu mapema katika miaka hiyohiyo ya 1980, na wengine wakafuata kwa wingi kiasi kwamba magazeti ya Misri yaliwapa jina la kundi, wasanii waliotubu. Uvumi wa vijiweni nao haukukosekana, maana ilidaiwa kwamba matajiri wa nchi za Ghuba waliwalipa ili wavae hijabu. Inaonekana binadamu wa Kairo na wa Mwanjelwa hawatofautiani sana: akiona mtu ameacha fedha, hutafuta fedha nyingine iliyomvuta.

Kwa nini Shadia hakubaki na uimbaji, hali Dolores Hart aliimba kila siku? Wanazuoni wa Kiislamu wametofautiana tangu zamani kuhusu muziki, wengine wakiukataza, wengine wakiuruhusu kwa masharti, na wanaofuata msimamo mkali huongeza swali la mwanamke kuimba mbele ya wanaume wasio maharimu wake. Anayeushika msimamo huo hana pa kuipeleka kazi yake, hata akibadili maneno ya wimbo, kwani tatizo haliko kwenye maneno peke yake. Ndiyo maana kuondoka kwa wasanii wa Misri kulionekana kama mlango uliofungwa kwa ndani, na wengi hawakutaka hata picha zao za zamani zitajwe.

Kuhusu sababu, mfano ulio wazi zaidi ni wa Diam's, mwanamke wa Ufaransa aliyekuwa akirapu, ambaye albamu yake ya mwaka 2006 iliongoza kwa mauzo nchini humo. Yeye mwenyewe ameeleza hadharani kwamba wakati huo wa ushindi ndipo alipokuwa mgonjwa wa sonona, akalazwa hospitalini na kunywa dawa nyingi, na kwamba alipata utulivu alipoanza kusali pamoja na rafiki Mwislamu. Alitoa albamu ya mwisho mwaka 2009, mwaka ambao jarida moja lilichapisha picha yake akiwa amejifunika kichwa na kuzua kelele nchi nzima, kisha akaacha muziki mwaka 2012. Tukimtazama yeye na Dolores Hart kwa pamoja tunaona uchovu, lakini uchovu pekee humpeleka mtu likizo. Kinachoongezeka ni kwamba umaarufu humweka mtu mbele ya maelfu wanaomjua ilhali yeye hawajui, na dini humpa jumuiya ndogo yenye ratiba, inayomjua kwa jina lake la nyumbani na isiyomtegemea kwa mauzo.

Njia ya tatu ndiyo inayozoeleka zaidi kwetu Nyanda za Juu Kusini, na kwa kuwa kila mtu ameiona sitaichukulia muda mrefu. Mwimbaji huokoka, hutoa ushuhuda kwenye mkutano wa injili, labda katika viwanja vya Ruanda Nzovwe hapa Mbeya au Mwembetogwa kule Iringa, na baada ya miezi michache hutoa wimbo wa injili. Size 8 wa Kenya alifanya hivyo mwaka 2013, akaacha nyimbo za kidunia, akaimba injili na baadaye akawa mhubiri. Hapa jukwaa, studio na video havikuachwa; maneno ndiyo yaliyobadilika, pamoja na mavazi na mahali pa kutumbuizia. Watu hudhani kwamba huku ni kuacha nusu, lakini kwa mantiki ya imani yenyewe hakuna kilichopungua, kwa sababu Mpentekoste huiona sauti kuwa karama, na karama hurudishwa kazini kwa aliyeitoa.

Kwa mwimbaji aliyekulia ukanda huu kuna jambo la ziada. Tangu Wamoraviani walipofika Rungwe mwaka 1891, na Walutheri na Wakatoliki walipoenea Njombe na Iringa katika miaka iliyofuata, kwaya imekuwa shule ya muziki ya watu wasio na shule ya muziki. Mtoto wa Tukuyu au Kilolo hujifunza kushika sauti yake katikati ya sauti nne kabla hajaiona studio hata moja. Mtu kama huyo akiacha muziki wa kidunia hatuwezi kusema kwamba ameenda kusikojulikana, kwani amerudi kwenye benchi alilolikalia utotoni. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Little Richard wa Marekani, aliyelelewa kanisani, akaacha muziki wa roki ghafla mwaka 1957 akiwa ziarani Australia, akaenda kusoma katika chuo cha Waadventista, kisha akaurudia mwaka 1962.

Lipo pia ambalo hakuna dini inayoweza kumsaidia mtu kuliacha, nalo ni nyimbo na filamu ambazo tayari zimetoka. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, haki za mtunzi hulindwa katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, lakini haki za kiuchumi huweza kuhamishwa kwa mkataba, na rekodi yenyewe mara nyingi huwa mali ya aliyegharamia studio. Msanii aliyekwisha kuuza haki hizo hawezi kuamka siku moja na kuamuru wimbo usichezwe, awe ametubu au hajatubu. Na hata angekuwa na haki zote mkononi, angewafuata vipi wenye vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi, na kila abiria aliyeondoka na nakala yake kuelekea Makambako au Kyela? Shadia alikuwa amenyamaza kwa miaka 25 pale waandamanaji wa Uwanja wa Tahrir, huko Kairo, walipoimba wimbo wake wa kizalendo, Ya Habibti ya Masr, mwaka 2011.

Kutokana na hayo, hata wanaorudi jukwaani hawastahili kuitwa wanafiki kwa haraka kama inavyofanyika. Mzee Yusuf, nyota wa taarabu, alitangaza kuacha muziki mwaka 2016 kwa ajili ya dini, na baada ya miaka michache akarudi. Maneno aliyorushiwa yalikuwa makali kuliko yale ya siku alipoondoka. Mwingereza Cat Stevens alisilimu mwaka 1977 baada ya kunusurika kuzama baharini huko Malibu, akajiita Yusuf Islam, akauza magitaa yake kwa ajili ya misaada na kujitia katika kazi ya kuanzisha shule. Kwa miaka mingi alishika msimamo kwamba ala za muziki ni jambo la kuepukwa. Kisha mwanawe akaleta gitaa nyumbani, baba akalishika, akaanza kuusoma upya mjadala wa wanazuoni kuhusu muziki na kuona kwamba ni mpana kuliko alivyoambiwa mwanzoni, na mwaka 2006 akatoa albamu. Imani yake haikubadilika. Kilichobadilika ni jibu la swali la imani hiyo humtaka aache nini. Albamu aliyoitoa mwaka 2017 ilibeba majina yote mawili, Yusuf na Cat Stevens, yakiwa yametenganishwa na alama ya mkwaju (/).