Si kila kipele usoni ni chunusi: ifahamu rosasea

Mama mmoja anayekaanga samaki kule Dunga, kando ya ziwa, aliingia kliniki yetu ya ngozi hapa Kisumu akiwa amejitanda leso hadi machoni. "Daktari, uso unawaka. Hata maji matupu yananichoma. Na hizi chunusi za nini tena, mimi wa miaka 42?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Nilimgusa shavu kwa mgongo wa mkono, likawa moto. Nikamsogeza dirishani. Vipele vidogo, vingine vyenye usaha, vilikuwa vimetanda mashavuni, puani na kidevuni. Nilitafuta vile vichwa vyeusi vya chunusi, sikuona hata kimoja. Ilikuwa rosasea.

Ugonjwa huu husimuliwa sana kama wekundu wa uso, kwa kuwa picha nyingi zake ni za Wazungu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hujificha. Utaona labda weusi uliokolea au rangi inayokaribia zambarau, hivyo msikilize mgonjwa anavyohisi: joto linalopanda usoni ghafla, mwasho wa moto, ngozi isiyovumilia sabuni. Wengi hutibiwa chunusi au aleji miaka nenda miaka rudi.

Mishipa midogo ya damu usoni hutanuka kupita kiasi na kinga ya mwili huchachamaa. Vijidudu viitwavyo demodeksi, ambavyo karibu kila mtu mzima anavyo kwenye vinyweleo, navyo huchangia. Rosasea haiambukizi. Wala si uchafu, na nasema hivi kwa sababu nimewaona wanaojisugua mpaka ngozi inachubuka.

Mama alipofungua mkoba, ikatoka tyubu ya krimu ya betamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, imekamuliwa mpaka mwisho. Hapa ndipo roho huniuma. Krimu za steroidi hutuliza uso siku chache, kisha ngozi huzizoea. Ukiacha, vipele hurudi kwa kishindo, nawe unakimbilia tyubu nyingine. Zenyewe zinaweza kuleta vipele vinavyofanana kabisa na rosasea. Tulimwachisha, nikamwonya mapema kwamba wiki za kwanza uso ungechafuka zaidi, asikate tamaa.

Nilimwandikia jeli ya metronidazoli ya kupaka na vidonge vya antibiotiki ya doksisaiklini kwa muda maalumu. Vidonge hivi havimfai mjamzito, na humezwa kwa maji mengi ukiwa umeketi wima. Nafuu huanza polepole. Tathmini ya kweli ni baada ya wiki 6 hadi 12. Kuponya kabisa hatuwezi, kutuliza tunaweza.

Kisha tukazungumzia jiko, kwa kuwa joto na jua huchochea rosasea. Hakuweza kuacha kazi, basi akahamia upande upepo unakotokea, akavaa kofia pana, akapaka kinga ya jua ya SPF 30 asubuhi na kurudia mchana. Chai anaiacha ipoe. Pilipili na pombe huwasha wengine, wengine haziwadhuru, kwa hiyo chunguza mwili wako mwenyewe.

Macho yakikuwasha kama yameingia mchanga, au mwanga ukikuumiza, usisubiri: rosasea huingia machoni na inaweza kudhuru kioo cha jicho.

Ukija kliniki, beba kila krimu unayopaka, hata ile unayoona haya kuitaja.