Pima nyoka kwanza: ukubwa wa mlo kwa wanaofuga kwa kibali

Tangu baridi ya Juni ianze, simu zinazoingia katika kitengo chetu cha nyoka zinafanana. Chatu alimeza panya vizuri, mfugaji akafurahi, na siku ya tatu akamkuta panya yule yule ametapikwa chini, hajameng'enywa, amevimba na ananuka. Wengi wanaomba dawa. Katika visa vingi tulivyovichunguza hapakuwa na ugonjwa wowote. Panya alikuwa mkubwa mno, na chumba kilikuwa baridi.

Nianze na dhana inayozaa makosa haya, kwamba nyoka hung'oa taya na hivyo chochote anachoweza kumeza kinamfaa. Nyoka hang'oi taya anapomeza. Pande mbili za taya lake la chini hazikuungana kidevuni. Zimeshikwa na kano inayonyumbuka, hivyo kila upande husogea peke yake na kuvuta windo ndani. Upana wa mdomo, basi, hauelezi lolote kuhusu uwezo wa tumbo. Video za chatu akimeza swala, ambazo hutumiwa kama ushahidi kila tunapotoa ushauri huu, hazimhusu chatu wako wa mita moja. Yule ni nyoka mkubwa wa porini, anachagua mwenyewe jua na kivuli, na hatuonyeshwi kilichompata wiki iliyofuata.

Chukua tepu ya fundi wa nguo. Zungusha sehemu nene kabisa ya mwili wa nyoka, kwa kawaida katikati, siku ambayo tumbo ni tupu. Kisha mzungushe panya mahali alipo mnene zaidi, manyoya yakiwa yamelazwa. Vipimo vikaribiane. Kwa nyoka mwenye afya, windo linaweza kumzidi kwa robo hivi, basi. Usipime kichwa. Narudia kwa sababu naulizwa kila wiki: usipime kichwa.

Baada ya tepu, mizani. Mtie nyoka ndani ya foronya, ifunge, weka juu ya mizani ya jikoni, kisha toa uzito wa foronya. Chatu mchanga anatosheka na asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwa mlo mmoja. Aliyekomaa, asilimia 5 hadi 7, na anaweza kukaa wiki tatu au nne kabla ya mlo mwingine. Kwa hiyo chatu mchanga wa gramu 800 anahitaji gramu 80 hadi 120. Vifaranga wawili wa siku moja, wenye gramu 40 hivi kila mmoja, wanafika hapo, na mawindo mawili madogo humeng'enywa kwa urahisi kuliko moja kubwa la uzito huo huo. Chatu wa kilo 4 hahitaji kuku wa nyama wa kilo moja na nusu, hata akimeza bila shida.

Mlo mkubwa ni kazi nzito mwilini. Watafiti waliowapima chatu wa Burma walikuta misuli ya moyo imeongezeka kwa asilimia 40 ndani ya saa 48 baada ya kula. Kazi hiyo haiwezekani bila joto. Nyoka wa miji ya baridi ya Kenya kama Limuru au Nyahururu aliyelala kwenye sanduku lisilo na sehemu ya nyuzi 30 hadi 32 hatameng'enya. Windo litaoza tumboni kabla ya kuyeyuka. Kama huwezi kuhakikisha joto hilo mwezi wa Julai, punguza mlo, au usimlishe kabisa mpaka uweze.

Nyoka mla mayai ana hesabu yake. Huyu hutema maganda baada ya kulivunja yai kwa mifupa ya uti wa mgongo, na hiyo ni kawaida, msitupigie simu usiku. Yai la kware humfaa aliyekomaa. La kuku ni kubwa mno kwa wengi wao.

Panya wa mtegoni au wa mtaani tunawakataza kabisa, kwa sababu ya sumu ya panya: nyoka akimla aliyelishwa sumu, naye huathirika. Panya hai huweza kumng'ata nyoka hadi mfupani. Pia, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamwekea anayemtesa mnyama faini isiyozidi shilingi 3,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Tumia waliouawa kibinadamu na kugandishwa. Wayeyushe usiku kucha kwenye friji, kisha wapashe katika maji ya nyuzi 40. Hakikisha tumbo la panya halina barafu.

Kuhusu kibali, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaruhusu ufugaji wa nyoka kwa kibali tu, na kumwokota shambani si kibali. Wanaodhani hakuna anayejali viumbe wadogo wakumbuke Mei 2025, mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ilipowatoza vijana wawili wa Ubelgiji shilingi milioni 1 kila mmoja, au miezi 12 jela, kwa kupatikana na sisimizi bila kibali. Asiye na kibali aende KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwanza, kabla ya kutuuliza habari za panya.

Nyoka wako akitapika, usimlishe tena siku hiyo wala wiki hiyo. Tindikali imechoma umio wake. Mpe maji, kagua joto, usimshikeshike, subiri siku 10 hadi 14, kisha anza na windo nusu ya lile la kwanza. Akitapika mara ya pili, mlete akiwa kwenye foronya, pamoja na kilichotapikwa ndani ya mfuko uliofungwa, nakala ya kibali, na daftari lenye tarehe za milo, uzito wa nyoka na uzito wa kila windo. Bila uzito huo tunabaki kukisia, na nyoka hana muda wa kusubiri tukikisia.