Kuendesha Treni ya Chini ya Ardhi Si Kubonyeza Vitufe Tu

Hapa Mtwara, hasa miongoni mwa vijana wanaoendesha malori ya korosho, husikika hoja kwamba dereva wa treni ya chini ya ardhi hana kazi ngumu: hakuna usukani, reli ndiyo inayoongoza, basi leseni ya gari inatosha kumpatia mtu ajira. Hoja hiyo ni potofu, na inawapotosha vijana wenye uwezo.

Ni kweli kwamba katika njia ya Victoria jijini London, iliyofunguliwa mwaka 1968, treni hujiendesha baada ya dereva kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Lakini haajiriwi kwa ajili ya vitufe hivyo. Anaajiriwa kwa ajili ya dakika ile ambayo treni imekwama gizani kati ya vituo viwili, imejaa abiria wenye hofu, nayo reli inayoipa treni umeme iko hatua chache tu kutoka mlangoni. Jijini New York reli hiyo hubeba volti 625, ilhali umeme wa majumbani kwetu ni volti 230.

Ndiyo maana mwombaji wa New York hupitia mtihani wa utumishi wa umma na uchunguzi wa afya, kisha hufundishwa darasani na njiani chini ya mkufunzi. Kujifunza ishara za reli, zinazomwambia dereva aende au asimame, huchukua muda mwingi, kwa kuwa gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huhitaji umbali mrefu kusimama kuliko tairi juu ya lami; anayesubiri kuona kizuizi kwa macho, kama tulivyozoea kwenye barabara ya Lindi, amekwisha kuchelewa.