Mchwa, Jongoo na Mita 60: Ufafanuzi kwa Wakulima wa Muheza na Korogwe

Maandalizi ya mashamba kwa ajili ya masika yameanza, na kama ilivyo kila mwaka ofisi yetu inapokea malalamiko ya aina mbili: mchwa wanaomaliza mahindi machanga, na wananchi wanaohoji kwa nini wanazuiwa kulima kando ya vijito vinavyoshuka kutoka Usambara Mashariki. Malalamiko hayo yana uhusiano wa karibu kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa yote yanahusu makazi ya viumbe wanaotengeneza udongo.

Misitu ya Usambara Mashariki imekatwakatwa kwa zaidi ya karne moja, kwanza kwa mashamba ya kahawa, kisha chai, iliki na makazi. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997, ni miongoni mwa vipande vikubwa vilivyosalia. Jongoo aliyebaki katika kipande kidogo hana pa kwenda, kwa sababu hutembea polepole, hupoteza maji haraka juani na huishi kwa majani yanayooza, ambayo hayapo katika shamba lililolimwa likaachwa tupu. Hata siafu, wanaoogopwa na kila mtu, malkia wao hana mabawa, kwa hiyo kundi huhama kwa miguu tu. Zaidi ya hayo, jua na upepo huingia kwenye kipande kidogo kutoka pande zote na kukausha majani ya chini, hata sehemu yenye unyevu wa kutosha ikawa ndogo kuliko ramani inavyoonyesha.

Shambani, trekta linapogeuza udongo kila msimu, huathirika kwanza nyungunyungu wakubwa wanaochimba mashimo marefu, kwani huzaliana polepole. Mashimo hayo ndiyo yanayopitisha mvua kwenda chini. Yakivunjwa, maji hutiririka juu na kubeba udongo hadi Mto Zigi, ambao Jiji la Tanga hutegemea maji yake.

Kuhusu mchwa, tunawaomba wananchi waache kurudia kwamba kila mchwa ni adui, kwani imekwisha kuelezwa katika mikutano mingi ya vijiji kuwa si kweli. Spishi nyingi za mchwa hula mimea iliyokufa, na ni chache tu zinazoshambulia mazao. Anayechoma mabua yote huwaondolea hao wachache chakula kingine, kisha hushangaa wanapohamia kwenye mahindi. Utafiti uliofanyika katika eneo kame la Australia na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa mavuno ya ngano yalikuwa makubwa kwa asilimia 36 pale sisimizi na mchwa walipoachwa, yakilinganishwa na pale walipoondolewa. Kumwaga oili chafu kwenye kichuguu si dawa, bali ni uchafuzi wa udongo wako mwenyewe. Kiuatilifu kikilazimika, kiwe kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na baada ya ushauri wa afisa ugani.

Kingo za vijito ndizo njia zenye unyevu ambazo viumbe hawa huweza kuzipitia kutoka msitu mmoja hadi mwingine. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, na katazo hilo halifutwi na ukweli kwamba babu yako alilima hapo. Anayekiuka anaweza kupewa amri ya maandishi ya kurejesha mazingira, inayotaja eneo, kazi inayotakiwa na muda wa kuikamilisha; asipotekeleza, mamlaka inaweza kuifanya kazi hiyo na kumdai gharama, mbali na faini, kifungo au vyote viwili mahakama ikimtia hatiani.

Anayekusudia kuchoma shamba aanze kwa mtendaji wa kijiji, aeleze ukubwa wa eneo, siku, saa na idadi ya wasaidizi, awaarifu majirani, na asafishe barabara ya kinga moto kabla ya kuwasha. Hata hivyo, ushauri wetu wa kitaalamu ni kutochoma kabisa: yalaze mabua kati ya mistari na upande mbegu bila kugeuza udongo wote.

Mwenye mazao ya kudumu ndani ya mita 60, kama iliki au migomba, asiyang'oe kwa pupa akaacha ukingo mtupu. Afike ofisi ya kijiji kabla ya mvua kuanza, ili eneo lipimwe na akubaliane na kamati ya mazingira kuhusu miti ya asili itakayopandwa na utaratibu wa kuondoa mazao hayo kwa awamu.