Je, wajua kwa nini mchanganuzi wa tabia hufunzwa kwa mtoto wa kompyuta?

Mtoto wa miaka mitano amejitupa sakafuni kwenye supamaketi moja ya Kasarani, anataka peremende. Mama anakataa. Kilio kinapanda. Mama anakataa tena. Watu kwenye foleni wanaanza kugeuka, na mama, kwa aibu, anampa. Kimya.

Mchanganuzi wa tabia akitazama hapo haoni ukaidi. Anaona wanafunzi wawili: mtoto kajifunza kwamba kulia kunalipa, mama kajifunza kwamba kutoa kunaleta utulivu. Fani yake ilichipuka kwenye kazi ya Mmarekani B. F. Skinner, aliyeeleza mwaka 1938 jinsi matokeo ya kitendo yanavyofanya kitendo chenyewe kirudiwe au kififie. Leo hutumika sana kufundisha watoto wenye usonji mambo kama kuomba maji au kusubiri zamu.

Sasa, mwanagenzi afanyie wapi mazoezi? Wengi hukimbilia mfano wa rubani, ambaye hujifunzia kwanza kwenye mashine isiyopaa, kama ile aliyounda Edwin Link mwaka 1929. Mfano mzuri, ila una pengo. Ndege haijifunzi kutokana na makosa ya rubani, mtoto hujifunza. Mwanagenzi akikataa mara mbili kisha akalegea ya tatu, amefundisha vibaya kuliko kama angekubali mapema, kwa sababu tabia inayolipwa mara mojamoja ndiyo ngumu kufa. Muulize yeyote anayebeti kila wikendi.

Mtoto wa kompyuta, yaani anayeigizwa na programu, kosa likitokea, anaanzishwa upya bila kumbukumbu. Wazo lenyewe si jipya: tangu miaka ya 1990 wanafunzi wa saikolojia wamemfundisha Sniffy, panya wa kwenye skrini, kubonyeza wenzo apate chakula. Siku hizi mwanagenzi anaweza kuvaa miwani ya uhalisia pepe akajikuta ameketi mbele ya mtoto wa kuigizwa, huku programu ikihesabu: alichelewa sekunde ngapi kumpongeza? Alirudia agizo mara ngapi? Sekunde hizo si mchezo. Mtoto amesema "maji". Wewe unatafuta kikombe, yeye kashaanza kujipiga kichwa, ndipo unampa. Umelipa tabia gani?

Akili unde inaongeza jambo ambalo panya hakuwa nalo, yaani mazungumzo. Inaweza kuigiza mama aliyechoka, au shosho anayeshikilia kwamba dawa ya mjukuu wake ni kiboko tu, na ikakasirika au kulainika kulingana na unavyojibu. Kwangu mimi hapo ndipo penye faida kubwa kwa Nairobi, maana mpango wowote hufa mzazi asipoukubali.

Hapo hapo ndipo penye shaka. Programu nyingi za aina hii zimelelewa kwa Kiingereza cha ng'ambo. Mtoto wa mtaa wa Umoja huchanganya Kiswahili, Sheng na lugha ya nyumbani kwa pumzi moja, na asipomtazama mkubwa usoni huenda ni adabu aliyofunzwa. Dawa ingekuwa kuifunza mashine kwa video za watoto wetu, lakini Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 haimruhusu mtu kuchukua taarifa za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi. Basi kwa sasa, baada ya miwani, mwanagenzi bado huketi na mtoto halisi, msimamizi akiwa pembeni na kalamu mkononi.