"Nipangie kwa yule mama": dhana potofu kuhusu kulala vijiji vya Wamaya

Juzi mteja wa nne mwaka huu kaniambia yale yale: "Dada, nipangie kwa yule mama aliyempikia rafiki yangu. Wengine siwajui." Safari yenyewe ni ya wilaya ya Toledo, kusini kabisa mwa Belize, Amerika ya Kati, kwenye vijiji vya Wamaya, wenyeji wa asili wa huko, wa makundi ya Mopan na Q'eqchi'. Nimechoka kumjibu kila mtu kwa simu, basi someni hapa.

Hakuna dhana inayonikera kama hiyo, kwamba ukichagua familia yenye sifa ndipo unasaidia kijiji. Hasha! Vijiji vilivyo chini ya Toledo Ecotourism Association, chama cha utalii cha vijiji hivyo, hupokea wageni kwa zamu. Unalala nyumba ya wageni ya kijiji, chai unakunywa kwa huyu, mchana unakula kwa mwingine, jioni kwa mwingine tena. Hata waongozaji wana zamu. Aliyewahi kucheza upatu hahitaji maelezo marefu: hatuombi tupewe kila mwezi kwa kuwa tunavaa vizuri.

Mteja mmoja alinibishia kwamba ushindani huleta ubora. Labda kwenye hoteli. Toledo nyumba huezekwa kwa majani ya cohune, mti wa porini wa jamii ya mnazi, makuti yao hayo, na hakuna mtu anayeezeka peke yake. Wanaume huitana, wanapanda juu, mwenye nyumba anawapikia, na kesho yake deni la jasho ni lake. Kufyeka njia na viwanja vya kijiji ni fajina, yaani msaragambo, na alcalde, kiongozi wa kijiji, ndiye anayewaita watu. Sasa mama mmoja akizoa wageni wote kwa sababu ya picha zake mtandaoni, paa lake likivuja atamwita nani? Pesa za mgeni zinaweza kuvunja kitu ambacho mgeni mwenyewe hakioni.

Sikatai, zamu ina udhaifu wake. Wageni wakiadimika, familia ya mwisho kwenye orodha inangoja mpaka inasahau. Lakini dawa yake ni wageni zaidi, si kuruka foleni.

Na huo "ubora" unaoutafuta ni upi? Mama wa kwanza aliyenilisha alikuwa jikoni kabla ya jogoo, akisaga mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa na kulazwa. Anafinyanga donge, analipiga kwa viganja hadi liwe chapati ya duara, analitupa kwenye chuma cha moto na kuligeuza kwa vidole vitupu. Jioni, nyumba ya pili, nikapewa caldo, mchuzi wa kuku mwekundu. Kesho yake, nyumba ya tatu, caldo tena, chumvi imezidi kidogo. Nikala. Msiombe uma wala kijiko cha ziada, chapati ile ndiyo kijiko. Chukueni tochi na taulo zenu.

Wengine husema Wamaya walikwisha zamani. Kilichohamwa ni miji ya kale kama Lubaantun, ambayo sasa ni magofu. Mtu anayekuongoza kati ya mawe yale huenda nyumbani anagombeza watoto wake kwa Ki-Q'eqchi'.

Kuna na wanaodhani wanakijiji ni wapangaji tu kwenye ardhi ya serikali. Tarehe 22 Aprili 2015 Mahakama ya Haki ya Karibi ilithibitisha kwamba haki za ardhi za kimila za vijiji vya Wamaya wa Toledo ni mali inayolindwa na katiba ya Belize. Kwa hiyo ukiambiwa usubiri ruhusa ya alcalde kabla ya kuingia msituni, usinung'unike kuhusu urasimu. Umebisha hodi kwa watu.

Bei ya vikapu nayo? Vikapu vya jippi jappa, mmea unaofanana na mnazi mdogo, huanza na majani machanga; kuna kuyachemsha, kuyaanika na kuyachana nyuzi nyembamba, ndipo mwanamke aanze kusuka. Kupatana tuache Kariakoo. Lipa. Na peremende za watoto acheni huko huko kwenu, wataoza meno nyie mkiwa mmesharudi.

Mwisho, "tutakodi gari tu, mabasi hayapo." Yapo. Huondoka Punta Gorda, mji mkuu wa Toledo, mchana, siku za soko: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Ukilikosa la Jumamosi, usinipigie Jumapili.